Kiswahili cha Nyiransabimana

Nyiransabimana alikuwa fundi cherehani Kabeza, mjini Kigali, kibanda cha pili ukitoka barabara ya uwanja wa ndege, na kwa karibu miaka thelathini wateja wake walimjua kwa mambo mawili: hakukosea kipimo cha bega, na hakuwa msemaji. Majirani zake wengi walikuwa Wanyarwanda waliorudi kutoka Uganda baada ya vita, watu wa Kiingereza na Kinyankole, watu wa kwaya na mikesha ya maombi. Walimwita Mama Umulisa, kwa jina la binti yake wa pekee. Waliotaka kujua jina lake la dini aliwaambia ni Mariya. Hakuwa amesema uongo mkubwa. Jina alilopewa siku ya saba ya kuzaliwa kwake, huko Biryogo, mtaa wa Waislamu wa mji huo huo, lilikuwa Mariamu.

Babu yake mzaa baba aliingia Kigali akitokea Ujiji, nyuma ya mizigo ya chumvi na vitambaa vya tajiri mmoja, akaoa, akakaa. Mama yake alitoka kaskazini, milima ya Byumba, na alipokubali kusilimu ili aolewe, kaka zake walimwambia asikanyage tena uwanja wa baba yao. Alikanyaga mara moja tu, siku ya kumzika mama yake. Huko walimcheka kwa mtandio. Aliporudi mjini, wachuuzi wa kusini walimcheka sokoni kwa lafudhi ya kaskazini. Kwa hiyo alijifunza Kiswahili cha mumewe, akakizungumza mpaka akakiota, na watoto wake wote walianza kusema kwa lugha hiyo. Kinyarwanda kilikuwa cha njiani. Kiswahili kilikuwa cha ndani, cha kuombea chumvi na kubembelezea mtoto.

Nyiransabimana alipofika darasa la nne, mwaka wa 1969, mwalimu wao alikuwa bwana mmoja aliyeitwa Niyonzima. Asubuhi moja alifungua daftari kubwa la serikali akasema anataka hesabu ya darasa.

"Wahutu wasimame," alisema.

Wakasimama wengi. Akahesabu, akaandika, akawaketisha.

"Watutsi wasimame."

Wakasimama sita, wawili kati yao wakiwa wameinamisha vichwa. Akaandika. Kisha akamwona msichana mmoja ambaye hakusimama mara zote mbili.

"Wewe, mbona umekaa?"

"Sijui nisimame na nani, mwalimu."

"Nyumbani kwenu ni kina nani?"

"Sisi Waswahili."

Darasa zima lilicheka. Kwa Kinyarwanda cha siku zile, kumwita mtu Mswahili kulikuwa sawa na kumwita mwongo, mtu wa maneno mengi asiye na shamba. Mwalimu Niyonzima aliwaacha wacheke mpaka wachoke, kisha akasema, "Hakuna kabila hilo katika daftari langu. Nenda ukamwulize baba yako, uniletee jibu kesho."

Baba yake alikuwa akipiga pasi kanzu aliposikia swali hilo. Aliweka pasi chini.

"Mwambie sisi Waislamu," alisema.

Mwalimu alimrudisha tena. Siku ya tatu baba mwenyewe alikwenda shuleni. Nyiransabimana hakusikia walichozungumza, ila aliona kupitia dirisha jinsi baba yake alivyovua kofia na kuishika kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo alisimamishwa na lile kundi kubwa, na hakuna aliyemweleza kwa nini. Alipofikisha miaka kumi na sita akaenda kuchukua kitambulisho, karani hakumwuliza kitu. Alimtazama uso, akamtazama pua, akaandika neno la kabila. Siku hizi neno lile haliandikwi popote na kuliuliza ni kosa, lakini yeye hakuwahi kulitamka hata lilipokuwa limeandikwa.

Aliolewa na Usumani, dereva wa lori, mtoto wa mtaa ule ule. Kitambulisho cha Usumani kilikuwa na neno jingine, ingawa babu zao walikuwa wamefika na msafara mmoja. Walilifanyia mzaha jambo hilo ndani ya nyumba, kwa Kiswahili. Umulisa alizaliwa mwaka wa 1990. Usumani hakuumaliza mwaka wa 1994.

Mwaka uliofuata, Nyiransabimana alimshika mtoto mkono, akachukua cherehani yake, akahama Biryogo. Dada mkubwa wa Usumani, aliyeitwa Mwamini, alimfuata mpaka kwenye gari.

"Unakwenda wapi?" Mwamini alimwuliza. "Watu wako ndio hawa."

"Nakwenda mahali ambapo hakuna anayenijua."

"Na mtoto wa mdogo wangu?"

"Na yeye hatajulikana."

Huko Kabeza, mtoto alikuwa na miaka mitano na Kiswahili chake kilikuwa kimejaa mdomo. Aliomba maji kwa Kiswahili, mama hakujibu. Akaomba tena, akalia. Alipoomba kwa Kinyarwanda, alipewa. Ilichukua miezi mitatu. Mwezi wa nne mtoto hakuwa na neno hata moja la kule alikotoka, na majirani walimsifu mama yake kwamba anamlea Mnyarwanda safi.

Alimpeleka shule ya masista. Umulisa aliporudi akasema anataka kubatizwa kama wenzake, mama alisema sawa. Alimshonea gauni jeupe na akakaa benchi la nyuma wakati wa ibada. Yeye mwenyewe hakubatizwa. Chumbani kwake nyuma ya kibanda, mlango ukiwa umefungwa, aliendelea kuswali kwa sauti ya chini kabisa. Umulisa alijua kwamba marehemu baba yake aliitwa Usumani na kwamba kuna shangazi Biryogo. Alijua vile mtu anavyojua kwamba nyumba ina dari. Hakupanda huko.

Alisoma vizuri. Alipata kazi Masoro, kwenye kampuni ya maghala inayopokea bidhaa kutoka bandari ya Dar es Salaam. Aliolewa na Benon, Mnyarwanda aliyekulia Mbarara, mtu mpole wa ofisini, mzee wa kanisa kabla hajafika miaka arobaini. Walipanga nyumba mitaa miwili kutoka kwenye kibanda cha mama. Ilionekana kana kwamba Nyiransabimana ameshinda.

Kisha Kiswahili kikarudi kwa mlango wa mbele. Kilifanywa lugha rasmi, kikaandikwa kwenye mabango, watoto wakaanza kukisoma shuleni kama hesabu. Kule Masoro meneja alitafuta mtu wa kusimamia mizigo ya Dar, mtu wa kuzungumza na madereva na mawakala kwa simu. Umulisa alikuwa na miaka minane ya kazi. Cheo alipewa Kellen, aliyekuwa na miaka miwili tu. Kellen alizaliwa ukimbizini, Karagwe, akasoma Tanzania hadi kidato cha sita.

Jioni hiyo Umulisa alipitia kibandani. Alikaa kwenye kiti cha wateja akamweleza mama yake.

"Simlaumu Kellen," alisema. "Ana lugha. Mimi ningeipata wapi?"

Mama alikuwa anashona pindo. Mguu wake ulisimama juu ya kanyagio.

"Mimi ninayo," alisema.

"Unayo nini?"

"Hiyo lugha. Ndiyo niliyozaliwa nayo. Na wewe ulikuwa nayo."

Umulisa alidhani mama anatania, lakini mama yake hakuwa mtu wa utani.

"Nilikuwa nayo, ikaenda wapi?"

"Nilikunyang'anya."

"Kwa nini, mama?"

Nyiransabimana alifungua mdomo. Alitafuta pa kuanzia, akaona kila mahali pa kuanzia panaelekea mahali pamoja. Akasema, "Nilitaka usome."

"Nimesoma," alisema Umulisa. Alichukua mkoba wake, akaondoka, na kwa wiki mbili salamu hazikupita kati yao.

Ni Benon aliyewapatanisha. Alisema basi mama amfundishe, bado hajachelewa. Wakaanza Jumapili baada ya ibada, kwenye meza ya kulia, Umulisa na daftari jipya. Haikuwa kama walivyotarajia. Umulisa alichanganya herufi, alisema *kurara* badala ya *kulala*, kila kitu kwake kilikuwa *iko*, na kila aliposahihishwa alilifunga daftari kwa aibu ya mtu mzima. Lakini tatizo kubwa lilikuwa kwa mwalimu. Nyiransabimana aliweza kutaja vitu: kijiko, sahani, uzi, mvua. Alipotakiwa kusema sentensi nzima, kusema tu kama mtu anavyosema na mwanawe, sauti ilimkatika, na uso wake ukawa wa mtu asiyekuwamo chumbani. Mara ya nne alisimama katikati ya somo akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

"Acha tu, mama," Umulisa alisema. "Tusiumizane."

Daftari liliwekwa juu ya kabati.

Mwaka jana, mwezi wa Februari, asubuhi, mteja mmoja alimkuta Nyiransabimana ameegemea cherehani, mkono wa kulia umening'inia. Kilikuwa kiharusi. Alikaa hospitalini siku kumi na moja. Siku ya nne alianza kusema, na Umulisa, aliyekuwa ameshika uji, alifurahi kwa dakika moja hivi. Kisha akaona hakuna anachokielewa. Alimjibu mama kwa Kinyarwanda. Mama alimtazama kama mtu anayesikiliza redio ya mbali, akarudia maneno yale yale.

Daktari alimweleza nje ya wodi. Alisema kiharusi huweza kuchukua lugha moja kikaacha nyingine, mara nyingi kinaacha ile ya kwanza. Alisema huenda Kinyarwanda kikarudi.

"Huenda?" Umulisa aliuliza.

"Mzungumzeni sana. Nani nyumbani anajua Kiswahili?"

Umulisa alisema hakuna.

Walimhamishia nyumbani kwao. Umulisa alilishusha daftari, akajaribu: unaumwa wapi, unataka kula, mimi ni Umulisa. Mama alijibu kwa maneno kumi pale ambapo yeye alijua mawili. Baada ya wiki alimwomba Kellen, kule kazini, aje amsikilize mama. Haikuwa rahisi kumwomba, lakini aliomba, na Kellen alikuja siku ile ile na mkungu wa ndizi.

Kellen alipiga goti kando ya kitanda.

"Shikamoo, mama."

Uso wa Nyiransabimana ulifunguka. Hakuna namna nyingine ya kusema. Alimshika Kellen mkono kwa ule mkono wake mzima, akamiminika, na Umulisa alisimama mlangoni akimtazama mama yake akiongea kwa raha na mwanamke mwingine. Tangu azaliwe hakuwahi kumwona amesema mengi hivyo.

"Anasemaje?" aliuliza.

"Ananiuliza watu wa Ujiji hawajambo. Nimemwambia sitoki Ujiji." Kellen alisikiliza tena, akakunja paji la uso. "Mengine siyapati, dada. Si Kiswahili changu hiki. Kuna maneno ambayo sisi Karagwe hatuna, na mengine ameyachanganya, halafu ulimi wenyewe ni mzito."

"Niulizie kama anajua mimi ni nani."

Kellen aliuliza. Nyiransabimana alimtazama Umulisa mlangoni. Kisha akasema kitu kifupi, akakirudia mara tatu, na macho yakamjaa maji.

"Anasema, endelea, usigeuke," alisema Kellen.

"Niendelee na nini?"

"Sijui. Ndivyo anavyosema. Endelea, usigeuke."

"Ananifukuza?"

"Dada, sijui."

Kellen alikuja mara sita au saba. Kila mara Nyiransabimana alipomwona binti yake alisema maneno hayo hayo, na Umulisa alijifunza kuyatambua bila mkalimani. Yakawa Kiswahili anachokijua vizuri kuliko chote. Aliamini mama hajamsamehe kwa ugomvi wa kibandani. Akapunguza kuingia chumbani. Alimwachia mfanyakazi wa ndani kumlisha, na aliporudi kutoka kazini alisimama kizingitini tu, akauliza hali, akaenda jikoni.

Maneno hayo hayakuwa ya Nyiransabimana. Yalikuwa ya Usumani. Mwezi wa Aprili 1994, Umulisa alipokuwa na miaka minne, homa ilimpanda siku tatu mfululizo, na ndani ya mtaa hapakuwa na dawa. Wazee wa Biryogo walikuwa wamekataa watu wauawe ndani ya mtaa wao, na kwa siku zile waliweza kuulinda, lakini famasi ilikuwa nje. Wazazi walimwacha mtoto kwa Mwamini wakatoka pamoja. Kwenye kizuizi cha kwanza waliombwa vitambulisho. Cha mke kilirudishwa. Cha mume kilibaki mkononi mwa yule kijana wa kizuizini. Usumani alimsemesha mkewe kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwagiza mkate: "Endelea, usigeuke." Yeye akaendelea. Hakugeuka. Alifika famasi, akaikuta imevunjwa, akarudi kwa njia nyingine. Mtoto alipona bila dawa.

Hakumwambia Umulisa, kwa sababu huwezi kumweleza mtu kifo hicho bila kumweleza na homa.

Mwezi wa Machi mwaka jana, mchungaji Nizeyimana wa kanisa la Benon alikuja na akina mama wawili kumwombea mgonjwa. Walimwekea mikono. Nyiransabimana aligeuza uso ukutani, midomo ikaanza kwenda, na mchungaji alipoinama kusikiliza alisikia Kiarabu. Hakuwa mtu mbaya. Alimaliza sala yake kwa ufupi, na walipokuwa sebuleni aliuliza kwa upole, "Mama ni Mwislamu?"

"Alikuwa," alisema Umulisa. "Zamani."

"Si zamani," alisema mchungaji, na akavaa viatu vyake.

Kinyarwanda hakikurudi. Nyiransabimana alifariki wiki ya saba, saa tano asubuhi, mfanyakazi akiwa amekwenda kununua sabuni. Benon alitaka ibada ifanyike kanisani. Alisema watu wote wanaomjua mama wako hapa Kabeza. Lakini habari zilikuwa zimefika Biryogo, na kabla ya saa nane Mwamini alikuwa mlangoni, mzee sasa, akitembea kwa fimbo, na wanawake watano nyuma yake.

"Tumemfuata mtu wetu," alisema kwa Kinyarwanda.

Benon alianza kueleza mipango. Umulisa alimgusa mkono. "Waache," alisema. "Mimi sijui alikuwa nani. Wao wanajua."

Walimpeleka Biryogo. Vichochoro vya huko vimepakwa rangi na kuwekwa viti vya kunywea chai, lakini nyumba ya Mwamini ilikuwa ile ile. Wanawake waliingia chumbani na maji, karafuu maiti na sanda. Umulisa aliwafuata akiwa amekunja mikono ya blauzi.

"Una udhu, mwanangu?" Mwamini alimwuliza.

Umulisa alishusha mikono ya blauzi.

"Basi subiri hapo nje."

Akasubiri nje ya mlango. Alisikia maji yakimwagwa, alisikia wanawake wakizungumza na maiti kwa Kiswahili, taratibu, wakimwambia wanamgeuza sasa, wanamwosha mguu sasa. Wanaume walimbeba kabla ya magharibi, na wanawake wakabaki kama ilivyo desturi. Alikaa mkekani, kitambaa alichoazimwa kikimtoka kichwani kila mara. Waliokuja kutoa rambirambi walimpa mkono wakasema maneno marefu, naye akajibu asante. Walipokwisha kumsalimu waligeukiana wakaendelea na habari zao. Kulikuwa na kisa cha Mariamu na ngoma ya harusi fulani, zamani, kwa sababu walitaja jina lake wakacheka, wakafuta machozi, wakacheka tena. Mwanamke mmoja akaagiza jikoni, na neno moja Umulisa alilielewa, kwa sababu lilikuwa kwenye daftari lake.

"Mpeni mgeni chai."

Watu walipopungua alisogea karibu na Mwamini.

"Shangazi, kuna kitu mama alikuwa akiniambia kila siku. Endelea, usigeuke. Unajua ni nini?"

Mwamini aliacha kuvuta tasbihi.

"Alikuambia hivyo kwa Kiswahili?"

"Ndiyo."

"Na kabla ya hapo hakukuambia baba yako alikufaje?"

"Aliniambia ni vita."

Mzee alimtazama, macho yakashuka mpaka mikononi mwa Umulisa, mikono ya mtoto aliyemlaza mapajani siku zile za homa akimpangusa jasho. Umulisa aliona kwamba anajua. Aliona pia mlango unavyofungwa.

"Ilikuwa vita," alisema Mwamini. "Mama yako hakuwa amekasirika. Hilo ninaweza kukuambia. Mengine yalikuwa yake, na amekwenda nayo."

"Nina haki ya kujua, shangazi."

"Unayo. Lakini mimi nilimwahidi kunyamaza, pale kwenye gari, alipokuwa anahama. Siku ya arobaini tutamsomea. Njoo, na uje na kitambaa chako mwenyewe."

Benon alikuwa anamngoja barabarani. Katika gari alimwuliza kama walimpokea vizuri, naye akasema ndiyo, walimpokea vizuri sana.

Arobaini iliangukia siku ya kazi. Umulisa alikuwa amenunua kitambaa, cheusi, na asubuhi hiyo alikijaribu mbele ya kioo mara mbili, akaona mtu asiyemfahamu. Akakikunja, akaenda Masoro. Huko Biryogo, Mwamini aliwachelewesha wasomaji wa Kurani mpaka adhuhuri. Kisha akaona haya mbele ya watu, akawaambia waanze, na sahani iliyokuwa imefunikwa kwa ajili ya Umulisa akaamuru ipelekwe kwa jirani.